Mume Wangu Anasema Nyota Zinanitaka Nirudi Kabla ya Vita

Mpendwa Mshauri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, na ni muuguzi katika kliniki ya binafsi mjini Doha, Qatar, ambako nimeingia mwaka wa nne sasa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari na yuko nyumbani na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka mitano, pamoja na baba yake mzazi, ambaye ni mtu mzima sana na ambaye mimi namheshimu kama baba yangu. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba nitafanya kazi huku mpaka tumalize nyumba, na kwa kweli tumefika mbali, kwa sababu imekwisha kuezekwa na kilichobaki ni lipu, madirisha na choo cha ndani. Mkataba wangu unaisha Julai 2026.

Mwaka huu wa 2025 haukuwa mwepesi kwetu tulio huku. Usiku wa Juni 23, Iran iliporusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid wanakokaa wanajeshi wa Marekani, nilikuwa chumbani na wenzangu, madirisha yanatetemeka, nje tunaona mimweko angani na hatujui kinachoanguka ni kipi na kinachozuiwa ni kipi. Anga lilifungwa kwa saa kadhaa, na asubuhi yake tukavaa sare tukaenda kazini. Kisha Septemba 9 Israeli ikashambulia hapa hapa Doha ikiwalenga viongozi wa Hamas, na safari hiyo moshi niliuona mwenyewe kutoka dirisha la kliniki. Mara zote mbili mume wangu alinipigia simu, tukalia, tukasoma dua pamoja, na hakusema hata mara moja kwamba nirudi.

Mambo yalibadilika mwezi Oktoba, pale alipopokea video katika kundi la WhatsApp la walimu wenzake. Ina muziki wa kutisha na sauti nzito ya mwanamume anayesema Kiswahili kizuri. Anaeleza kwamba mnajimu wa Kifaransa aitwaye Nostradamus aliandika mwaka 1555 maneno haya: “Moto wa mbinguni utalishukia jengo la kifalme, nuru ya Mirihi itakapofifia, miezi saba ya vita kuu, watu watakufa kwa uovu.” Msimulizi anasema moto huo ni makombora, jengo hilo ni kasri katika nchi mojawapo ya Ghuba, na kwamba Mirihi, ile sayari iitwayo pia Mars, itapotea machoni mwanzoni mwa mwaka 2026, kwa hiyo vita itaanza hapo na kuendelea kwa miezi saba. Mume wangu akahesabu kwa vidole, Januari mpaka Julai, akaniambia kwamba mkataba wangu wote uliobaki uko ndani ya miezi hiyo.

Ningeweza kulicheka jambo hili kama si baba mkwe. Yeye alisoma falaki, yaani elimu ya nyota, tangu ujana wake, ana kitabu chake cha khati za Kiarabu, na watu wa mtaani bado humwendea awachagulie siku ya kufunga ndoa au ya kusafiri. Mume wangu alipompelekea habari hiyo, mzee alifungua kitabu, akapiga hesabu zake, akasema ni kweli kwamba Mirihi itaingia chini ya miale ya jua, na kwamba kwa aliye ugenini hiyo si dalili njema. Tangu siku hiyo mume wangu haniombi tena, ananiagiza. Maneno yake ya mwisho yalikuwa: “Mtu aliyeonywa hana wa kumlaumu.”

Nilimtumia makala zinazoonyesha kwamba huyo Nostradamus ni mtu wa kubahatisha. Akanijibu kwamba mshahara umenipa kiburi na kwamba namdharau baba yake. Wenzangu ninaoishi nao wanasema hii ni janja, mwanamume hapendi mke anayemzidi kipato, anatafuta sababu ya kunirudisha jikoni. Mtoto wangu mkubwa naye, ambaye nadhani aliiona video hiyo kwenye simu ya baba yake, aliniuliza juzi kama moto wa huku utafika pia mpaka Tanga.

Jambo ambalo sijamwambia mtu ni kwamba usiku mimi mwenyewe naifungua video ile na kuitazama tena. Nikiacha kazi sasa nitapoteza haki zangu zote na nyumba itasimama. Nikibaki, na kitu kikatokea, watoto wangu watakua wakiambiwa kwamba mama yao alionywa akakataa. Nisaidie, kuna ukweli wowote katika utabiri huu, na nimjibu vipi mume wangu bila kumvunjia heshima baba mkwe?

Muuguzi wa Doha

*

Wa alaykum salaam, mwanangu, marahaba.

Barua yako inaniuliza kama mnajimu wa zamani aliiona vita itakayokukuta kazini, lakini nimeisoma zaidi ya mara moja na naona ndani yake kuna mambo ambayo yamefungwa katika furushi moja ilhali kila moja linahitaji jibu lake. Kuna shairi la Kifaransa. Kuna hatari halisi ya mahali unapoishi, ambayo umeiona kwa macho yako na haikuhitaji mtabiri. Na kuna mazungumzo kati yako na mumeo ambayo, kwa jinsi unavyoyaeleza, bado hayajafanyika. Nitaanza na shairi kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi, ingawa sidhani kwamba ndilo zito kuliko mengine.

Mtu huyo aliishi kweli. Jina lake lilikuwa Michel de Nostredame, alizaliwa mwaka 1503 katika jimbo la Provence, kusini mwa Ufaransa, akafanya kazi ya dawa na kuwahudumia wagonjwa wa tauni, kisha akageukia kuandika kalenda za utabiri ambazo ziliuzwa vizuri sana. Kitabu chake cha mashairi ya mistari minne minne kilianza kuchapishwa Lyon mwaka 1555, kikaongezwa mara kwa mara, na leo tunayo mashairi 942. Hilo la moto wa mbinguni ni lake kweli, na katika hili video haikudanganya, isipokuwa kwamba lilitoka katika chapa ya mwaka 1557 na si ya 1555. Ni shairi la mwisho la sehemu ya nne ya kitabu.

Lakini hebu hesabu mistari uliyoninukulia. Moto juu ya jengo la kifalme ni mmoja, nuru ya Mirihi ni wa pili, miezi saba na vifo ni wa tatu. Mashairi yake yana mistari minne, na mstari wa nne wa shairi hili unasema kwamba Rouen na Évreux hazitamwacha mfalme. Rouen na Évreux ni miji ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, na mfalme ambaye miji hiyo ingeweza kumtii au kumwasi ni mfalme wa Ufaransa. Aliyeitengeneza video alikuwa na shairi lote mbele yake, au alilichukua kwa mtu aliyekuwa nalo lote, na mahali fulani katika safari hiyo mstari unaotaja mahali ukakatwa, ukabaki moto usio na mji, ambao unaweza kuwashwa popote msimulizi anapotaka. Sijui nia ya aliyeukata, lakini najua kwamba ukirudishwa, Doha haina pa kukaa.

Nitakupa na jambo jingine ambalo linanichekesha kidogo. Kama ningelazimishwa kulitafutia shairi hili vita yake, ningechagua ile ya Ufaransa na Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, iliyoanza Julai 1870 na silaha zikawekwa chini mwishoni mwa Januari 1871, yaani miezi saba ukihesabu kwa vidole kama mumeo, Julai mpaka Januari. Rouen ilivamiwa na Waprussia Desemba 1870, na kasri la kifalme la Tuileries mjini Paris lilichomwa moto Mei 1871. Linakaa vizuri ajabu, na bado siamini kwamba mtu wa karne ya 16 aliiona vita hiyo, kwa sababu nimefanya kilekile alichofanya msimulizi wenu: nimelichukua tukio ambalo limekwisha kutokea nikalirudishia maneno. Shairi la maneno mapana hivyo ni kama kanzu iliyoshonwa bila kipimo cha mtu, kila anayeivaa huona imemkaa.

Pale ambapo mtu huyo alitaja tarehe waziwazi, alikuwa na bahati mbaya zaidi. Aliandika kwamba mwaka 1999, mwezi wa saba, mfalme mkuu wa kutisha atashuka kutoka mbinguni, na sisi tulioishi Julai 1999 tunakumbuka kwamba hakushuka yeyote. Na mwaka 2001, baada ya majumba mawili ya New York kuangushwa, yalisambaa duniani mashairi ya “ndugu wawili” wanaosambaratishwa katika mji mkubwa, yakidaiwa kuwa ya kwake. Kiini chake kilikuwa kimetungwa miaka michache kabla na mwanafunzi mmoja wa Kanada, tena katika insha ya kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kutunga maneno yatakayomfaa kila mtu. Baadhi ya nakala zilizosambazwa ziliandikwa kwamba ni za mwaka 1654, ilhali Nostradamus alikufa mwaka 1566.

Sasa nije kwa baba mkwe wako, na hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko ulivyokuwa ulipotuma zile makala. Mzee hakukosea hesabu. Mwanzoni mwa Januari 2026 Mirihi itakuwa nyuma ya jua kwa jinsi tunavyoitazama kutoka duniani, na haitaonekana kwa wiki kadhaa kabla na baada yake. Kitabu chake kimemwambia kweli, na elimu hiyo hiyo ya falaki ndiyo iliyowapa watu wa pwani nyakati za sala, miandamo ya miezi na misimu ya kusafiria, kwa hiyo ukimwambia kwamba mambo yake ni ya kijinga utakuwa umemdhulumu. Kinachobaki ni ile maana inayowekwa juu ya hesabu, na kuhusu hiyo unaweza kumuuliza kwa adabu, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake, kwa sababu Mirihi hujificha nyuma ya jua kila baada ya miaka miwili na miezi miwili hivi. Tangu shairi lile lichapishwe imejificha zaidi ya mara 200. Ilijificha pia Novemba 2023, na wakati huo wewe ulikuwa hukohuko Doha ukichoma watu sindano.

Mumeo anaweza kujibu upesi kwamba Novemba 2023 vita ya Gaza ilikuwa imewaka, na atakuwa anasema kweli. Lakini katika mwaka gani wa maisha yetu Mirihi imejificha na dunia nzima ikawa na amani? Atakayetafuta vita ataipata tu. Geuza swali upande wa pili ndipo utaona: usiku ule wa Juni 23, Mirihi ilikuwa inaonekana magharibi baada ya jua kutua, na Septemba 9 pia ilikuwa bado haijazama machweo yalipofika. Siku mbili ambazo moto ulifika Doha kweli, nyota ile ilikuwa juu.

Haya si mapya katika historia ya Mashariki ya Kati. Mwaka 1186 wanajimu wa nchi nyingi, Waislamu na Wakristo, walitangaza kwamba sayari zitakusanyika katika buruji, yaani kundi la nyota, ya Mizani mwezi Septemba na kwamba upepo wa maangamizi utaifagia dunia. Watu walichimba mapango wakajificha. Septemba ikapita bila kimbunga. Vita iliyobadilisha mambo ilikuja mwaka uliofuata, Sultani Salahuddin alipowashinda Wakristo wa vita vya msalaba kule Hattin mwezi Julai 1187 na kuutwaa Jerusalem mwezi Oktoba, na haikuletwa na Mizani, bali na msafara wa wafanyabiashara ulioporwa na mmoja wa mabwana wa Wakristo hao, Reynald wa Châtillon, wakati wa mkataba wa amani, jambo ambalo Salahuddin hakukubali kulinyamazia. Wanaoanzisha vita wana majina, na sababu zao hufuatilika.

Kuna jambo moja zaidi la kusema kuhusu video hiyo, nalo lina uzito wake. Katika Vita Kuu ya Pili, wizara ya propaganda ya Ujerumani chini ya Goebbels ilimwajiri mnajimu Mswisi, Karl Ernst Krafft, ayafasiri mashairi ya Nostradamus ili yaonyeshe kwamba Ujerumani itashinda. Nao Waingereza wakamtumia mnajimu wao, Louis de Wohl, kutunga mashairi ya bandia yaliyosema Hitler atashindwa. Jina lilelile la mtu mmoja likawa silaha ya pande zote mbili. Krafft aliishia kukamatwa mwaka 1941 na kufa mwaka 1945 mikononi mwa hao hao waliomwajiri. Simaanishi kwamba video iliyoingia katika kundi la walimu wa Tanga imetengenezwa na serikali fulani. Huenda ni kijana tu anayetafuta watazamaji. Lakini ni haki kuuliza, kila hofu inapokuja na muziki wake tayari, nani ananufaika nikiogopa.

Mwanangu, nimekaa sana kwenye shairi kwa sababu uliniuliza, na sasa nataka nikuonyeshe jambo uliloliandika wewe mwenyewe na kulipita haraka. Makombora ya kweli yalipopita juu yako mwezi Juni, mumeo hakukuambia urudi. Moshi wa kweli ulipopanda mwezi Septemba, hakukuambia urudi. Amekuambia baada ya video. Wenzako wamelifasiri jambo hilo kuwa ni janja, na wewe umeanza kuwasikiliza. Inawezekana wana haki, maana wapo wanaume ambao kipato cha mke huwauma, na mimi simfahamu wako. Ila kuna tafsiri nyingine inayolingana vilevile na uliyoyaandika. Mwanamume aliyekubali kwa hiari yake kwamba mkewe akae mbali ili nyumba ikamilike atasemaje, mwaka wa nne, kwamba ameshindwa kuvumilia? Akisema “naogopa” au “nimechoka kulala peke yangu,” atakuwa amevunja makubaliano yenu yeye. Nyota zikisema, hakuna aliyevunja. Nadhani, na ninasema nadhani, kwamba ile video ilimpa kauli ambayo miezi yote ile alikosa namna ya kuitoa.

Kama ni hivyo, unaona kwa nini makala zako hazikufika. Wewe ulikuwa unamjibu Nostradamus, naye alikuwa anasubiri umjibu yeye. Pengine hata ukimpa huo mstari wa nne, ambao mimi naufurahia sana, atatafuta shairi jingine, na yapo mengi. Kwa hiyo sikushauri uanze na ubishi. Unaweza kuanza kwa kumuuliza, siku ambayo simu haina haraka na watoto wamelala, usiku wa Juni 23 ulikuwaje kwake huko Tanga, alikuwa amekaa wapi, nani alimpa habari, na kwa nini siku ile hakukuomba urudi. Hatari ya kuuliza hivyo ni kwamba huenda ukasikia jibu litakalokufunga mikono, kwa mfano kwamba anakutaka nyumbani iwe vita ipo au haipo, na hapo hutakuwa tena na utabiri wa kuupinga. Ujiandae kwa hilo kabla hujapiga simu.

Kuhusu kurudi au kubaki, sitakuambia kwamba Doha ni salama, kwa sababu sina dhamana hiyo, na mtu yeyote anayekuhakikishia amani ya Ghuba mpaka Julai anatabiri naye. Shambulio la Juni halikuripotiwa kuua mtu Qatar. La Septemba liliua watu, akiwemo askari wa usalama wa Qatar. Hofu ya mumeo, kwa hiyo, ina msingi, hata kama ushahidi aliouleta hauna. Lakini naona unadhani kwamba kuacha kazi sasa ni kupoteza haki zako zote, na hapo naomba uangalie upya. Sheria ya kazi ya Qatar humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka aliofanya kazi, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 mtu aliyepita miaka miwili kazini anaweza kujiuzulu kwa kutoa taarifa ya miezi miwili. Usome mkataba wako na uulize ofisi ya rasilimali watu kwa maandishi. Utakachokosa kwa hakika ni mishahara ya miezi iliyobaki, ambayo ndiyo madirisha na lipu, na hilo si dogo, lakini ni tofauti na kurudi mikono mitupu.

Ukichagua kubaki, ubaki kwa mpango ambao mumeo anaujua. Watu wengi walio huko wanaishi kwa kutumaini tu. Jiandikishe ubalozi wa Tanzania ulioko Doha kama bado hujafanya hivyo, ili wajue uko mtaa gani na nambari yako ni ipi. Nauli ya kurudi iwe imetengwa kando na isiguswe hata fundi akikosa saruji, na pasipoti iwe mkononi mwako, kwa kuwa sheria ya huko haimruhusu mwajiri kuishikilia. Kisha mkubaliane, wewe na mumeo, ni mambo gani yakitokea utaondoka bila mjadala: ubalozi ukitoa wito raia waondoke, mashirika ya ndege yakianza kufuta safari kwa siku mfululizo, au jambo jingine mnaloliona nyinyi kuwa ndiyo mpaka. Hata hivyo ujue udhaifu wa mpango huo, maana anga linaweza kufungwa ghafla kama lilivyofungwa Juni, na wewe ni muuguzi, mtu ambaye siku ya dharura huitwa kazini na si kupewa likizo. Mumeo anastahili kulisikia hilo kutoka kwako, asije akalisikia kwa mtu mwingine.

Ipo pia njia ya katikati ambayo hukuitaja: kuchukua likizo na kwenda Tanga kabla hujaamua lolote. Gharama ipo, na kuna uwezekano kwamba ukishawashika watoto hutataka kupanda ndege tena, jambo ambalo wewe mwenyewe ndiye unayejua kama unaliogopa au unalitamani. Faida yake ni kwamba mambo haya yataongelewa uso kwa uso, na utaweza kukaa na baba mkwe na kitabu chake. Mzee aliyezoea kuchagulia watu siku za safari huenda akafurahi kuulizwa siku njema ya mkwewe kurudi kazini, au siku njema ya kurudi moja kwa moja mwezi Julai. Simaanishi umchezee shere, na ninyi ni Waislamu, mnajua wanazuoni wanavyoitenga hesabu ya nyakati na kudai elimu ya ghaibu, kwa hiyo fanya kile ambacho dhamira yako inakiruhusu. Ninachosema ni kwamba sasa hivi mzee anasikika kama shahidi wa upande mmoja, na hakuna aliyemuuliza upande wa pili.

Yale maneno ya mumeo, kwamba aliyeonywa hana wa kumlaumu, naona yamekukaa moyoni kuliko shairi lenyewe, mpaka unawasikia mawazoni watoto wako, wakishakua, wakiyarudia. Lakini fikiri ungekuwa umeyapokea kutoka kwa kila mtu aliyewahi kukutahadharisha tangu ulipopanda ndege. Wewe uliamua pamoja na mumeo, mkijua sababu zenu, na uamuzi wa namna hiyo ukiandamwa na balaa haugeuki kuwa kosa. Mwambie kwamba maneno yale yamekuumiza. Sidhani anajua.

Mtoto naye asisubiri mpaka nyinyi wakubwa mmalizane. Mwambie leo kwamba moto wa huko haufiki Tanga, mwonyeshe kwenye ramani umbali ulivyo, na mwombe baba yake aifute video hiyo kwenye simu anayoichezea. Na wewe uifute ya kwako. Hujaitazama usiku kwa sababu unaiamini. Nadhani unaitazama kwa sababu ndiyo mahali pekee ambapo hofu yako ya Juni na Septemba imeruhusiwa kutajwa, maana asubuhi yake ulivaa sare ukaenda kazini na hujasema kama kuna aliyekuuliza ulilalaje. Kama kliniki yenu ina mtu wa ushauri nasaha kwa wafanyakazi, mtafute. Kama haina, hata mmoja wa wale wenzako wa chumbani, waliotazama mimweko ile pamoja nawe, anafaa kwa kuanzia.

Mwisho nakukumbusha hesabu ya kalenda, kwa kuwa mumeo anakusukuma na tarehe. Taarifa ya kuacha kazi ni miezi miwili, na Mirihi inajificha mapema Januari. Hata ukiandika barua ya kujiuzulu wiki hii utakuwa bado uko kazini siku hiyo ikifika, labda uvunje mkataba. Mweleze hivyo kwa upole. Mkishaliondoa shinikizo la tarehe hiyo, mnaweza kuzungumza kuhusu Julai, nyumba, na kama kuna mkataba mwingine baada ya huu, swali ambalo halimo katika barua yako lakini ambalo naamini mumeo analo.